Sauti Isiyo na Waya

Juu ya mji wa Iringa kuna jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, na wanaojua Kihehe husema maana yake ni jiwe linalosema. Nimelipanda mara nyingi na kamera begani, maana maharusi wa Iringa hupenda kupigwa picha pale jua likielekea kuzama, mji wote ukiwa chini yao. Miaka yote hiyo jiwe halikunisemesha. Lakini kazi yangu ya video, tangu Mbeya nilikoanzia hadi Iringa ninakoishi sasa, imekuwa ni kuhangaika na jambo hilo hilo: kuifikisha sauti ya anayesema mpaka kwenye mkanda. Picha haikunisumbua sana. Sauti ndiyo iliyonitia aibu, na aibu yenyewe nitaieleza, ila kwanza nieleze tulikotoka.

Vijana wa leo ni vigumu kuwaeleza jinsi hali ilivyokuwa. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu 1973. Sisi wa Bara tulikaa bila kituo hata kimoja mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Hata hivyo video ilitangulia televisheni. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, deki na kamera nazo zikaanza kuingia pamoja na vitenge na vipuri vya magari. Mbeya, yenye mpaka wa Tunduma upande mmoja na reli ya TAZARA katikati, haikuchelewa. Hivyo wengi wetu tuliiona harusi ya jirani kwenye kioo kabla hatujaiona taarifa ya habari.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ya VHS, ya kubeba begani, nzito kama debe la mahindi lililojaa nusu. Mbele yake ilikuwa na maikrofoni ndogo, nami kwa ujinga niliamini kwamba panapofika jicho la kamera na sikio lake linafika. Sivyo. Jicho unaweza kulivuta karibu kwa kubonyeza kitufe. Sikio halivutiki, linabaki pale ulipo wewe. Tena sauti ina kanuni yake isiyo na huruma: ukiuongeza umbali mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo tu. Bwana harusi aliye mita nane kutoka kwako anashindwa na mtoto anayemung'unya biskuti mita moja nyuma yako. Mbaya zaidi, kamera zile zilijipimia sauti zenyewe. Ukumbi ukinyamaza, kamera inadhani sauti ni ndogo, inaikuza. Basi kimya cha kanisani, wakati wa kiapo, kikawa ni mvumo wa injini ya mkanda na watu kukohoa.

Taabu hii ni ya zamani kuliko video. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na kazi iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja Notcutt na Bwana Latham. Walitengeneza filamu za mafunzo, waigizaji wakiwa Waafrika, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Sauti iliwekwa kwenye sahani za gramafoni, kwa lugha mbalimbali, ikapigwa pembeni wakati picha inakwenda. Nawaza yule fundi wa gramafoni usiku, katikati ya umati, akijitahidi sahani yake isitangulie mdomo wa mtu kwenye kitambaa. Nitamrudia, kwa sababu miaka karibu sabini baadaye nilijikuta nimekalia kiti chake.

Halafu kuna Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, zikiwemo za Wahehe na za Wagogo. Huyu alijua ambalo mimi nililijifunza kwa hasara. Hakuitundika maikrofoni mahali akaenda kukaa. Aliishika mkononi, akaisogeza kwa anayeimba, kisha kwa mpiga ala, akiutafuta mdomo wenyewe. Lakini harusini huwezi kusimama kati ya padri na maharusi na kumsogezea bibi harusi chuma mdomoni.

Nikajaribu waya. Nilinunua mita kumi, nikazibandika sakafuni kwa gundi ya karatasi. Katika harusi moja pale Mwanjelwa, akina mama waliingia na zawadi kwa kucheza, kama ilivyo desturi, na aliyetangulia na sufuria kichwani akaukanyaga waya. Hakuanguka, namshukuru Mungu, bali sufuria zilianguka, na kamati ya harusi ikanikata robo ya malipo. Sikubisha.

Wenzetu walikwisha kuitafutia dawa taabu hii zamani. Kampuni ya Shure ya Marekani ilitoa maikrofoni isiyo na waya mwaka 1953, ikaiita Vagabond, yaani mzururaji. Wajerumani wa Sennheiser walitoa ya kwao miaka michache baadaye, wakishirikiana na watu wa redio na televisheni. Mwaka 1964, katika filamu ya My Fair Lady, mwigizaji Rex Harrison alikataa kuimba studioni kisha kufumbua mdomo tu mbele ya kamera. Alitaka kuimba pale pale, basi wakamfichia maikrofoni katika tai yake. Ukiutazama utaratibu wenyewe, hakuna uchawi. Maikrofoni ndogo inabanwa kifuani. Waya wake mfupi unaingia kwenye kisanduku kiunoni, ambacho ni kituo kidogo cha redio. Kisanduku cha pili, kwenye kamera, ni redio ya kukisikiliza kituo hicho. Harusi nzima, kwa saa sita, inakuwa na kituo chake chenye mtangazaji mmoja.

Cha kwangu nilikipata mwaka 1996, kupitia ndugu yangu aliyekuwa akiendesha malori ya Lusaka. Kilikuwa cha bei ndogo, kikirusha katika FM ile ile ya redio za kawaida, megahezi 88 hadi 108. Hakikuja na kisanduku cha kupokelea. Ulitumia redio yoyote ya mfukoni. Nilipochomeka tundu la hedifoni la redio kwenye tundu la maikrofoni la kamera, sauti ilipasuka kama bati linalokwaruzwa, maana redio inatoa nguvu ya kusukuma spika na kamera inangojea mnong'ono. Fundi redio mmoja wa Mbeya alicheka, akaniunganishia vizuizi viwili vya umeme katika waya, vidogo kama punje za mchele, akaniambia, "Sasa unaipa maziwa kwa kijiko, baba, siyo kwa ndoo."

Na ikafanya kazi, ndugu msomaji, ajabu ilivyofanya kazi! Wakati ule FM ya huku kwetu ilikuwa kama shamba lisilolimwa. Niliizungusha redio yangu toka mwanzo hadi mwisho, nikasikia mvumo mtupu. Radio Tanzania tuliifuata kwenye masafa ya kati na masafa mafupi. Niliweka kituo changu popote nilipotaka. Nikajifunza mengine polepole. Maikrofoni ikae kifuani kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu, mbali na shanga na shela. Kisanduku kikae upande unaotazama kamera, kwani mwili wa binadamu umejaa maji, na maji huyameza mawimbi ya redio. Eriali ininginie huru, isikunjwe mfukoni: kwa megahezi 100 wimbi moja lina urefu wa mita tatu, na eriali nzuri hutaka robo yake, sentimita 75 hivi. Betri mpya kila harusi, hasa Juni na Julai, kwa sababu baridi ya Uporoto na ya Mafinga hudhoofisha betri kabla ya saa zake. Na zaidi ya yote, hedifoni masikioni tangu mwanzo mpaka mwisho.

Hilo la mwisho nililijua, na siku moja sikulifanya.

Ilikuwa mwaka 2002, harusi ya binti wa ukoo mmoja wa Kalenga, iliyofanyika Iringa mjini. Babu yake bibi harusi alisimama kumbariki. Alikuwa amevaa koti la zamani, na fimbo mkononi. Nilimwamkia, nikaomba ruhusa, nikambana maikrofoni kwenye ukosi. Alisema kwa dakika tisa, kwanza kwa Kihehe, kisha Kiswahili, kisha tena Kihehe. Alitaja vizazi. Alieleza kwamba mwaka 1954, akiwa kijana, alikuwa katika umati pale Kalenga siku Gavana Twining alipolirudisha fuvu la Mtwa Mkwawa, na jinsi wazee waliosimama karibu naye walivyolia kimya kimya. Ukumbi ulitulia hata wapishi wakasimama mlangoni. Nilivutwa mno na uso wake. Nilikuwa nimevua hedifoni ili nimsikie vizuri kwa masikio yangu mwenyewe, na nikasahau kwamba masikio yangu hayarekodi.

Nyumbani nikaurudisha mkanda nyuma. Babu anaonekana safi, machozi yanaonekana, midomo inakwenda, na kinachotoka ni tangazo la sabuni, kisha muziki, kisha salamu za wasikilizaji.

Sababu niliielewa baadaye. Redio ya FM, mawimbi mawili yakigombea mahali pamoja, haichanganyi kama zile za zamani ambazo zingekupa sauti mbili juu ya nyingine. Humfuata mwenye nguvu na kumnyamazisha kabisa mnyonge. Siku zile redio binafsi zilikuwa zinaenea mikoani, na shamba langu lisilolimwa lilikuwa limepata wenyewe, wenye haki nalo kuliko mimi. Kisanduku changu cha betri moja kingewezaje kushindana na mlingoti? Asubuhi nilipopima palikuwa kimya, jioni pakawa na mtu. Na maikrofoni ya kamera yenyewe haikuniokoa, kwani ukichomeka ya nje ile ya ndani hukatika. Sauti ya babu haikuwa popote kwenye mkanda ule, hata kwa mbali.

Niliwarudishia fedha yote. Baba wa bibi harusi alizipokea, akaziangalia, akasema, "Haya." Ningependa angenigombeza.

Babu akafariki mwaka 2004. Baada ya mazishi mjukuu wake wa kiume alinijia. "Shikamoo baba," akasema, kisha akatoa mfukoni kaseti ya kawaida. Mama mmoja wa kwaya alikuwa ameweka radio-kaseti juu ya meza siku ile ili arekodi nyimbo zao, na hakuizima. Tulisikiliza pamoja. Sahani zinagongana, mtoto analia, na nyuma ya hayo yote, mbali, ni babu.

Hapo ndipo nilipokalia kiti cha yule fundi wa gramafoni wa Vugiri. Nilikuwa na picha mahali pamoja na sauti mahali pengine. Radio-kaseti ikienda kasi kwa asilimia moja tu, katika dakika tisa midomo na maneno vinapishana kwa sekunde tano na zaidi, na ile ilikuwa na betri zilizochoka, haikwenda hata kwa mwendo mmoja. Kijana mmoja mwenye kompyuta, kule Mbeya, alinisaidia siku tatu. Kilichotuokoa ni fimbo. Kila alipotaja jina la mzee aliyetangulia, babu aliigonga sakafuni mara moja. Tuliiona ikigonga na tukaisikia ikigonga. Tuliikata sauti penye kila pumzi, tukakisogeza kila kipande mpaka mgongo wa fimbo ukakutana na mlio wake.

Kile kisanduku cha FM sikukitumia tena. Nilinunua cha UHF, chenye eriali mbili za kupokelea zinazosaidiana, na mawimbi ya nusu mita. Nacho wakati wake ulifika, kwani baada ya televisheni kuhamia dijitali mwaka 2013 huku kwetu, sehemu ya masafa yake iligeuzwa kuwa mali ya simu, na mwaka 2018 yale ya megahezi 700 yalipigwa mnada. Siku hizi vijana wanabana kifuani kidude kisichozidi kiberiti, kinachotumia gigahezi 2.4 na kujitafutia nafasi chenyewe. Vingine vinajirekodi ndani pale pale kifuani, hata wimbi likikatika angani neno linabaki. Naona wivu kidogo. Lakini bado nawakuta wanafanya kazi bila hedifoni, na nikiwaambia wananitazama kama mzee anayeogopa lifti.

Mkanda ule tuliupeleka Kalenga siku ya Jumapili. Waliweka televisheni nje, chini ya mparachichi, waya ukipitishwa dirishani. Sauti ilikuwa nyembamba, na mahali pawili midomo ilichelewa kidogo, nikaona aibu yangu inarudi. Bibi, mjane wake, alikaa mbele kabisa. Sijui Kihehe cha kutosha, nikamwuliza mjukuu bibi anasema nini.

"Anasema hapo mwanzo amekohoa," akanijibu. "Alikuwa anakohoa hivyo hivyo kabla ya kusema neno."

Bibi akaomba turudishe nyuma. Tulirudisha mara nne.