Kanisa Lililoanza Ujiji, Likasimama Niamkolo

Ukitoka Buzebazeba ukashuka Ujiji, hapa kwetu Kigoma, wenyeji watakuonyesha penye mwembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ni nadra kumsikia mtu akitaja wageni wengine waliofika Ujiji Agosti 1878: mchungaji J. B. Thomson, baharia Edward Coode Hore na kijana Walter Hutley. Walitumwa na London Missionary Society, chama kilichomtuma Livingstone mwenyewe Afrika, kwa fedha za Robert Arthington wa Leeds aliyetoa pauni 5,000 ili Injili ifike ziwa Tanganyika.

Kanisa lao lilianza kwa misiba. Thomson alifariki Septemba mwaka huohuo. Mwenzao Dodgshun, aliyecheleweshwa njiani, aliingia Ujiji mwaka 1879 akafa baada ya siku chache tu. Mji ulikuwa chini ya Mwinyi Kheri na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, nao hawakupendezwa na wageni hawa, kwa kuwa pembe na watumwa ndiyo iliyokuwa riziki ya wengi wao. Hore hakukata tamaa. Alilizunguka ziwa kwa mtumbwi, akalipima, na mwaka 1879 akathibitisha kwamba maji yake hutoka kupitia mto Lukuga.

Walikaa katika nyumba za namna ya mji: tembe, kuta nene za udongo. Ujenzi huo una hekima yake, kwani ndani ni baridi hata jua la mchana likiwaka. Lakini tembe lisipokarabatiwa, paa huanguka, mvua hula ukuta, na baada ya miaka michache ni kichuguu tu. Waliishi katika udongo, na udongo hautunzi kumbukumbu.

Kazi ikahamia kusini. Vipande vya meli yao, Good News, vilipitishwa ziwa Nyasa, vikachukuliwa na wapagazi nchi kavu, vikaunganishwa karibu na mdomo wa mto Lofu. Meli ikashushwa majini mwaka 1885. Huko kusini, Niamkolo, jirani na Mpulungu katika Zambia ya leo, fundi mmisionari Adam Purves aliongoza ujenzi wa kanisa la mawe, likamalizika mwaka 1896. Umbo lake ni sahili: ukumbi mmoja mrefu wa mstatili na mnara wa mraba. Kwangu mimi uzuri wake uko hapohapo, katika jiwe la palepale lililopangwa juu ya jiwe, bila mapambo ya kuazima.

Ibada hazikudumu. Malale yaliikumba pwani ya ziwa, watu wakahamishwa mbali na mbung'o, na mwaka 1908 Niamkolo ikaachwa. Paa halipo tena, ila kuta na mnara vimesimama. Zambia inavitunza kama urithi wa taifa. Makanisa yaliyozaliwa na misheni hiyo hayakufa: mwaka 1965 yaliungana na Wamethodisti na wengine, likapatikana United Church of Zambia.

Ombi langu kwa manispaa yetu ya Kigoma-Ujiji na kwa makanisa yote ya hapa: tuwawekee Thomson na Dodgshun jiwe moja pale Ujiji, lenye majina yao na miaka 1878 na 1879.