Mnyoo, Siki na Reli ya Mwanza

Treni ya Mwanza ikishatoka Tabora hupita Bukene, kwenye reli iliyofika ziwani mwaka 1928. Naitaja reli kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ina kipande cha historia yake kule reli hiyo inakoishia.

Mwaka 1983 Harald zur Hausen na wenzake, Ujerumani, walitangaza kwamba wamekuta kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo. Mwaka uliofuata wakaongeza aina ya 18. Mkosaji akajulikana. Namna anavyofanya kazi ilichukua muda zaidi, na fununu mojawapo ilitoka kwa mnyoo wa milimita moja. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, Marekani, walionyesha kuwa mnyoo huyo ana RNA fupi mno, ya herufi 22 hivi, isiyotengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kunyamazisha jeni nyingine. Wengi wakadhani ni mambo ya minyoo tu. Nobel yao ikaja 2024.

Kumbe nasi tunazo RNA fupi kama hizo, mamia. Mojawapo, miR-34a, huzuia seli zisigawanyike ovyo, nayo huamshwa na protini ya p53. HPV huja na protini yake, E6, inayoiangamiza p53. Hapo miR-34a hupungua, seli zikazaana bila wa kuzikemea. Hata hivyo saratani hukawia, mara nyingi zaidi ya miaka kumi.

Huko kukawia ndiko kunakompa mama nafasi ya kupimwa mapema. Muuguzi huchovya pamba kwenye siki, akapaka mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja. Penye shaka hugeuka peupe. Vipimo vya RNA hizi bado vinachunguzwa maabara. Siki iko tayari, na bei yake kila mtu anaijua.

Kule Mwanza, kuanzia 2017, watafiti waliwachanja dhidi ya HPV wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14: wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Waliopata moja nao kinga yao ikadumu. Chanjo ya taifa, iliyoanza Aprili 2018 kwa dozi mbili, ikawa ya dozi moja mwaka 2024. Binti wa Bukene akichanjwa leo, hana haja ya kukumbuka tarehe ya kurudi.