Mkono uliosahauliwa

Umewahi kumwona mtu aliyepata kiharusi akifanya kila kitu kwa mkono mmoja, ule mwingine ameulaza tu mapajani? Utasema umekufa. Wakati mwingine haujafa, umezoea kukaa bure.

Habari hii inaanzia kwa kima. Mwaka 1895 Mott na Sherrington, Uingereza, walikata neva za hisia za mkono wa kima. Neva za kuuendesha zilibaki nzima, lakini mnyama akaacha kuutumia. Wakaamini bila hisia hakuna mwendo. Miongo mingi baadaye Edward Taub, Mmarekani, akaufunga ule mkono mzima. Basi kima akaanza kuokota chakula kwa ule "uliokufa"! Kumbe mwanzoni alijaribu, akashindwa, akaacha, na mazoea yakabaki.

Mwaka 1981 polisi waliingia maabara yake, Silver Spring, wakachukua kima 17 kwa madai ya ukatili. Kwangu mimi, faida iliyopatikana haifuti maswali yale.

Taub akahamia Alabama, akageukia wagonjwa: mkono mzima unavishwa glavu karibu siku nzima, wiki 2, huku ule dhaifu ukizoezwa saa nyingi kushika kikombe na kufunga vifungo. Utafiti wa watu 222, uliochapishwa 2006, ulionyesha waliofanya hivyo waliendelea vizuri kuliko wenzao, hata mwaka mmoja baadaye. Ila wote waliweza kuinua kiganja na vidole angalau kidogo. Kwa hiyo usimfunge mzee wako mkono nyumbani kabla mtaalamu hajampima.