Mizani ya Nguvu za Shujaa katika Nanga ya Wahaya

Mwaka 1970, Ruth Finnegan alitilia shaka kuwapo kwa utendi katika fasihi simulizi ya Afrika. Mugyabuso Mulokozi, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa ushahidi wa nanga: tendi za Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba, zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi yenye jina hilohilo. Katika tendi za namna hii, umahiri wa mkuki pekee haumkamilishi shujaa. Huhitaji pia nguvu za uganga, akili na mshikamano na jamii yake. Kwa hiyo, mwanahistoria anayeichukulia nanga kuwa kumbukumbu ya vita tu huikosa mizani hiyo, ambayo ndiyo kipimo cha ushujaa wenyewe.