Kabla Hujanunua Kiti cha Elfu Thelathini

Wasee, kila nikifungua simu naona mtu anaonyesha ofisi yake ya nyumbani: taa za rangi, skrini mbili, kiti cha elfu thelathini. Mimi nahariri video kitandani kwa bedsita, laptopu juu ya mto. Mgongo ukasema imetosha. Nikaenda kusoma historia.

Charles Darwin alihamia Down House, nyumba ya mashambani huko Kent, Uingereza, mwaka 1842. Aliishi hapo miaka 40, hadi alipofariki 1882. Jamaa alikuwa anaugua kila mara, kwa hivyo kazi alifanyia nyumbani. Alichukua kiti chenye mikono, akakiwekea magurudumu ndio ajisukume mpaka kwa hadubini na sampuli zake. Kuandika, aliweka ubao juu ya ile mikono ya kiti. Basi. Kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi, kile kilitikisa dunia, kilitoka kwa chumba hicho.

Somo ni rahisi: panga mahali kulingana na mwili wako na kazi yako, si kulingana na picha za watu.

Lakini tusidanganyane. Darwin alitoka familia ya pesa. Alikuwa na mke, Emma, na wafanyakazi wa kuendesha nyumba. Akiingia chumbani, watu walimwachia utulivu.

Sasa mwangalie Jane Austen. Kuanzia 1809 aliishi Chawton na mama yake, dada yake na rafiki yao. Meza yake ilikuwa kadogo sana, ya pembe 12, karibu na dirisha la chumba ambacho familia nzima ilitumia. Kati ya 1811 na 1815 alichapisha vitabu vinne akiishi hapo, na jina lake halikuwa kwa hata kimoja. Mwaka 1929 Virginia Woolf alikuja kusema wazi kwamba mwanamke akitaka kuandika anahitaji pesa na chumba chake mwenyewe.

Hapo ndio nilijiona. Machi 2020, shule zilipofungwa, kwetu kulikuwa na meza moja. Nilipewa mimi, kijana mkubwa. Siskii wangu alisomea jikoni, vitabu kwa mapaja, akiitwa kila dakika aangalie sufuria. Hakuna mtu aliuliza kama ni sawa. Hata mimi sikuuliza. Na unajua kilichofuata? Mwenye meza ndiye aliacha chuo. Yeye bado anasoma.

Kwa hivyo kabla uulize kiti ni pesa ngapi, uliza swali la zamani zaidi: kwenu, nani huachiwa utulivu?

Jumamosi nilienda kwa fundi wa mtaa anikatie ubao wa kuweka laptopu. Nikamwambia akate mbili. Moja nimepeleka nyumbani, na nimeongea na mathee: kuanzia saa moja jioni, sufuria nikiwa huko ni zangu.