Mwavita, Binti wa Vita

Siku ile foleni ya vitambulisho pale Ujiji ilikuwa ndefu, na bibi zetu waliwekewa benchi kivulini, chini ya mwembe. Karani alipomfikia bibi aliyekuwa mbele yangu, mwenye kanga mbili na kikapu kilichobeba chupa ya mawese, alimwamkia vizuri, akaandika jina lake, kisha akamuuliza amezaliwa mwaka gani.

"Mwavita," akajibu bibi.

"Jina nimeshaliandika, bibi. Sasa naomba mwaka."

"Mjukuu wangu, ndio huo nimekupa. Baba yangu alikuwa keya, yuko Bama. Vita haijaisha."

Karani alishusha kalamu. Wazee wawili waliokuwa benchini wakamsaidia hesabu: keya ni askari wa King's African Rifles, na Bama ni Burma, walikopelekwa vijana wa Tanganyika kupigana na Wajapani mwaka 1944. Basi akaandika 1944. Tangu siku hiyo nimelitazama jina hili kwa jicho jingine. Kando ya Ziwa Tanganyika linasikika kila mahali, kuanzia Ujiji na Kigoma hadi Uvira, Baraka na Kalemie ng'ambo ya maji, na sisi tuliolisikia tangu utotoni tumelizoea hata hatusikii tena linachosema.

Muundo wake ni mwepesi. Mwa ni mwana aliyekatwa mkia, kama katika Mwajuma, binti wa Ijumaa, au Mwamvua, aliyeshuka pamoja na mvua. Mwavita ni mwana wa vita. Halimtakii mtoto ugomvi wala halimtabirii balaa. Linasema tu dunia ilikuwaje siku alipolia mara ya kwanza. Ndugu zake ni Shida, Tabu, Mashaka na Chausiku, majina ambayo mgeni huyaonea huruma ilhali wenyewe wanayabeba kwa heshima. Mwanasiasa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2014, mama yake Zitto Kabwe, aliitwa Shida Salum, na sijapata kusikia mtu wa Kigoma akilitaja jina lile kwa kulionea haya.

Waha nao wana mpango wao. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, na anayezaliwa baada ya mapacha ni Chiza. Ukisikia Chiza, kama waziri wa zamani Christopher Chiza, umeshaambiwa habari za uzazi uliotangulia nyumbani kwao. Ujiji ni mji uliojengwa na Waha, Wajiji, Wamanyema waliovuka kutoka Kongo, watu wa pwani na Waarabu wa misafara, kwa hiyo kalenda hizi mbili zimekaa nyumba moja: moja inahesabu watoto, nyingine inahesabu mambo ya dunia. Palipokosekana cheti cha kuzaliwa, mtoto mwenyewe alikuwa cheti.

Ziwa hili limewahi kubeba jina jingine la binti, la kigeni, ambalo nalo ni vita kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Jina hilo ni Hedwig.

Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyevuka ziwa hili mwaka 1882 akitokea magharibi ya bara, na aliyekuja baadaye kuvunja upinzani wa Abushiri pwani, alimwoa Hedwig Langen mwaka 1894, binti wa tajiri wa viwanda wa Köln. Wissmann alikuwa amekwisha kuchangisha fedha za meli za maziwa makuu. Meli ya Ziwa Nyasa ikachukua jina la mume, Hermann von Wissmann. Ya Tanganyika ikachukua la mke, Hedwig von Wissmann. Reli wakati huo ilikuwa haijafika Kigoma, ingefika mwaka 1914, kwa hiyo meli ya bibi harusi ilikuja vipande vipande, juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, ikaungwa ufukweni na kuanza kuelea mwaka 1900.

Hedwig ni jina la Kijerumani cha kale lililoungwa kwa maneno mawili: hadu, pigano, na wig, vita. Ni vita juu ya vita. Wapolandi walilichukua, wakalilainisha kwa ulimi wao likawa Jadwiga, nao hulitamka Yadviga. Kwao lilipanda cheo kuliko lilikotoka. Mwaka 1384 binti wa miaka kama kumi hivi alivikwa taji mjini Kraków, na kwa kuwa sheria yao haikumkataza mwanamke kutawala ila haikumtengea cheo chake, walimtawaza kwa cheo cha mfalme. Huyo ndiye Jadwiga. Alifariki mwaka 1399, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike ambaye naye hakuishi, na vito vyake aliviachia chuo kikuu cha mji huo. Papa Yohane Paulo II, mwenyewe Mpolandi, alimtangaza mtakatifu mwaka 1997. Kati ya vita kuu mbili jina hilo lilipendwa sana Poland, kisha likapungua kidogo kidogo. Leo ukilisikia huko, mara nyingi anayeitikia ni bibi.

Wapolandi si wageni kabisa katika nchi hii. Kuanzia mwaka 1942 maelfu yao, wengi wakiwa kina mama na watoto waliofukuzwa makwao wakapelekwa Siberia, walifika Tanganyika kwa kupitia Iran, wakapewa makambi Tengeru karibu na Arusha, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Makaburi yao Tengeru yapo hadi leo. Walikuwa wazazi wa kizazi kile kile kilicholipenda jina la Jadwiga. Miaka hiyo hiyo, huku ziwani, baba wa bibi yangu wa foleni alikuwa anavalishwa sare ya keya. Vita ile moja iliwaleta wao huku na kumpeleka yeye kule.

Lakini tumrudie Hedwig wa majini. Tarehe 22 Agosti 1914 meli hiyo iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, upande wa Kongo, na kuanzia hapo Wajerumani wa Kigoma wakawa ndio wenye ziwa. Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo za injini kutoka Afrika Kusini kwa reli, kwa barabara ya msituni na kwa mto, zikiitwa Mimi na Toutou. Siku ya pili ya Krismasi mwaka 1915 waliiteka meli ya Kijerumani iliyoitwa Kingani, wakaipa jina la Fifi. Hedwig akatumwa kwenda kumtafuta mwenzake aliyepotea. Tarehe 9 Februari 1916 akakutana na Mimi na Fifi. Walimfukuza maji mengi, risasi za mzinga wa Fifi zikiwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole, hadi moja ikapiga chumba cha injini na kupasua boila. Hedwig akazama. Waliokufa katika pigano hilo walikuwa Wajerumani na mabaharia Waafrika, na Waafrika ndio waliokuwa wengi. Wale ndio ninaowafikiria zaidi katika habari hii yote. Ziwa lilikuwa na meli zenye jina la gavana, la mto na la mke wa gavana, lakini hakuna mbao iliyowahi kupigwa jina la mmoja wao.

Mwishoni mwa Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe Graf von Götzen, meli yao kubwa, wakaiacha Kigoma mikononi mwa Wabelgiji. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Hedwig hakuopolewa. Lililobaki nchi kavu ni mwaka wa Mjerumani kukimbia na Mbelgiji kuingia, njaa ya nafaka iliyochukuliwa na majeshi, na wanaume waliobebeshwa mizigo hadi Tabora wasirudi. Waliozaliwa katika miezi ile walihitaji jina, na lilikuwepo tayari: Mwavita.

Vita havikukoma kulilisha jina hilo. Maasi ya miaka ya 1960 huko Fizi na Uvira, mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, kisha vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1998, kila mara mitumbwi ilitua Kigoma ikiwa na wajawazito. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996. Mwaka uliofuata Liemba ilienda na kurudi Uvira safari 22 kuwarudisha watu makwao. Mei 2015 ilikuwa Kagunga, kwenye ufukwe mwembamba chini ya mlima, ikiwachukua Warundi mia kadhaa kwa safari huku kipindupindu kikiwa kimeshaanza. Meli iliyoanza kazi wakati wa vita ilimaliza karne ikibeba watu waliokimbia vita.

Siku hizi kina mama wengi hawalipendi tena jina la Mwavita. Wanamwita binti Neema, Furaha au Amani hata kama alizaliwa katikati ya mashaka, na nawaelewa: aliyelala porini na kichanga hataki kulikumbuka pori lile kila anapomwita mwanawe kula. Lakini ukifika Kibirizi alfajiri baada ya usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa inaporudi na kina mama wanamwaga ndoo na kuwatandaza samaki juu ya nyavu kuukuu, ita Mwavita kwa sauti. Watageuka zaidi ya mmoja. Mwenye mvi atageuka polepole, mwenye mtoto mgongoni atageuka haraka, na ukiwaomba mahesabu kila mmoja atakutajia vita yake.

Bibi wa foleni alikipata kitambulisho chake baada ya miezi kadhaa. Nilikuwepo. Hakuiangalia tarehe ya kuzaliwa, ingawa walikuwa wamemwekea 1 Julai, siku ambayo hakuna aliyewahi kuitaja. Aliomba asomewe jina, herufi kwa herufi. Lilikuwa limeandikwa Mwanvita.

"Siyo mimi huyu," akasema, akakirudisha dirishani.

Akajifunga upya kanga, akakaa kwenye benchi kusubiri.