Mtoto ni nani? Desturi yetu na mikataba ya mataifa

Huku kwetu Kalehe, wazee hawakuhesabu miaka ya mtoto kwa karatasi. Walisema: huyu alizaliwa wakati wa njaa ile, huyu ndiye anayemfuata fulani. Kijana akiweza kupiga kasia ziwani Kivu, msichana akiweza kubeba mzigo wa mihogo toka shambani, walionekana wamekomaa. Mtoto alikuwa wa ukoo mzima, na ukoo ulimlinda. Jambo hilo hatulitupi.

Lakini vita vya 1996 vilituonyesha mahali desturi inapopungukiwa. Watoto wengi waliingia katika jeshi la AFDL, tukawaita kadogo. Nani angeweza kusema "huyu bado mtoto", na mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote?

Mataifa nayo yalichelewa kupatana juu ya umri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 20 Novemba 1989, ambao inchi yetu iliukubali 1990, ulisema mtoto ni mwenye chini ya miaka 18. Lakini kwa mambo ya vita uliacha mlango wazi: miaka 15 ilitosha. Waafrika ndio waliotangulia kuufunga. Mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto, wa Julai 1990, ulioanza kutumika Novemba 1999, unakataza kumwingiza jeshini au kumwoza mtu asiyefikisha miaka 18. Umoja wa Mataifa nao ulipandisha umri wa kupigana vita kufika 18 kwa protokoli ya Mei 2000.

Ndani ya inchi pia, Sheria ya Familia ya 1987 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto ilikataza ndoa kabla ya miaka 18.

Hata hivyo, miaka bila ushuhuda ni maneno matupu. Mwaka 2012, mahakama ya kimataifa ya La Haye ilipomhukumu Thomas Lubanga wa Ituri kwa kuingiza watoto jeshini, waamuzi walitegemea hata picha za video, kwa kutazama tu nani anaonekana hajafika miaka 15.

Basi sisi wazazi tusiseme haki za watoto ni mambo ya wazungu. Sheria inatupa siku 90 kumwandikisha mtoto. Ukoo umpe jina, ni vizuri. Lakini jina hilo lifike pia katika kitabu cha Serikali. Mkono mmoja haulei mwana.